Ukienda Kisumu kutwa, hesabu saa kabla ya shilingi

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hayo ni maneno ya wahenga wa pwani, watu waliojua jahazi kuanzia nyuma hadi mbele, na ingawa hayakutungwa katika Ziwa Viktoria, yangefaa kuandikwa ubavuni mwa kila boti inayoondoka Remba. Msafiri wa kisiwani anaweza kuzunguka Kisumu mtaa baada ya mtaa, akala, akanunua, akafurahi. Lakini safari yake haijaisha mpaka akanyage tena mawe ya kwao.

Ndugu msomaji, wiki hii tuzungumzie hiyo safari ya kutwa ya mjini. Nina hakika wengi wenu mlioko visiwani, Remba, Ringiti hata Mfangano, na nyinyi mlioko fuo za Sori na Muhuru kule Migori, mnaijua vyema. Mama anampeleka mtoto hospitali kubwa. Baba anafuata kipuri cha injini. Msichana amefaulu mtihani na anatafutiwa sanduku na sare za shule. Pesa zimekusanywa kwa miezi, mbuta kwa mbuta na debe la omena kwa debe. Kisha siku yenyewe inafika, watu wanakwenda mbio kutwa nzima, na jioni wanarudi wamechoka, mfuko mtupu, na lile jambo walilolifuata halijafanyika.

Ukiwauliza, watakwambia pesa hazikutosha. Mara nyingi si kweli. Kilichopungua ni saa.

HEBU TUPIGE HESABU

Twende pole pole. Kutoka Mbita hadi Kisumu kuna njia mbili ambazo wengi huzitumia. Ya kwanza ni kuvuka kwa feri hadi Luanda Kotieno, upande wa Siaya, kisha kupanda matatu hadi mjini. Ya pili ni ya nchi kavu yote: Homa Bay, Kendu Bay, Katito, Ahero, halafu Kisumu. Ukijumlisha kungoja gari lijae na kushuka huku na kule, tenga muda wa saa tatu kwa njia yoyote kati ya hizo. Kurudi ni saa tatu nyingine.

Ukiondoka Mbita saa kumi na mbili asubuhi, utaingia Kisumu yapata saa tatu. Ukitaka kurudi Mbita kabla ya giza, na ukitaka feri isikuache, yafaa uwe umeketi ndani ya gari la kurudi saa nane mchana. Basi kati ya saa tatu na saa nane una muda wa saa tano tu. Ondoa saa moja ya kula, kupumzika na kutafuta choo. Zinabaki nne. Foleni moja ya hospitali au ya ofisi inaweza kumeza mbili kati ya hizo kabla hujaitwa jina.

Kwa hiyo siku moja ya Kisumu ina nafasi ya jambo moja kubwa na mambo mawili madogo. Atakayekuja na orodha ya mambo kumi atafanya manne nusu nusu, na yale sita mengine yatamrudisha mjini kwa nauli nyingine.

Katikati ya mji wa Kisumu kuna Mnara wa Saa uliozinduliwa mwaka 1938. Wageni wengi hupita chini yake bila kuinua macho. Wewe inua, na kama huna imani na saa za minara, itazame ya simu yako. Unapoona saa saba, jua kwamba mji umeanza kukuaga.

KUTWA YA KISIWANI NI SIKU TATU

Hapa ndipo mtu wa Remba asipojihadhari hujidanganya. Kutoka Remba hadi Mbita ni safari ndefu ya boti ya injini, na urefu wake hutegemea nguvu ya injini, uzito wa mizigo na hasira ya mawimbi. Kuiunganisha na safari ya Kisumu na kurudi, yote kati ya macheo na machweo, ni kujitafutia balaa.

Wengine hujaribu. Huondoka kisiwani usiku wa manane ili wawahi, na hurudi wakivuka maji usiku ili wasilipe malazi. Sijui kama kuna akiba ya nyumba ya wageni inayolingana na thamani ya roho.

Tulieleze ziwa lenyewe kidogo, maana watu hulilaumu bila kulielewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huvuma kuelekea ufuoni kujaza nafasi hiyo. Ndiyo sababu maji yaliyokuwa shwari asubuhi huwa yamechafuka ifikapo alasiri. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na pepo hutoka fuo za pande zote zikakutana katikati ya ziwa. Hewa hiyo yenye unyevu mwingi hupanda juu ikawa mawingu ya radi. Kwa hiyo dhoruba nyingi kubwa za ziwani huzuka usiku na kuelekea alfajiri, wakati uleule ambao msafiri mwenye haraka anadhani amelipata ziwa limelala.

Mpango ulio salama ni huu. Siku ya kwanza ondoka Remba asubuhi jua likiwa limechomoza na umelitazama anga, ulale Mbita kwa ndugu au katika nyumba ya wageni. Siku ya pili nenda Kisumu urudi ulale hapo hapo Mbita. Siku ya tatu asubuhi vuka kwenda nyumbani. Waambie watu wa nyumbani mapema kwamba utalala nje siku mbili, ili asiwepo mtu wa kukuhimiza kwa simu uvuke jioni. Bei ya vitanda viwili iingize katika hesabu ya safari tangu mwanzo, kama unavyoingiza nauli.

WALIKUWA WANARUDI NYUMBANI

Siandiki haya ili kumtisha mtu. Alhamisi, Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili letu. Kilikuwa kimetoka Bugolora, Ukerewe, na siku hiyo ilikuwa siku ya gulio. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101, lakini waliokuwamo walikuwa zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, pamoja na mizigo yao. Watu zaidi ya 220 walikufa. Miaka 22 kabla ya hapo, Mei 21, 1996, meli MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu, nayo ilikuwa imejaza kupita kiasi.

Wafikirie wale wa Ukara. Hawakuwa wakienda vitani. Walikuwa wakitoka sokoni, wengine na unga, wengine na zawadi za watoto, na kisiwa chao walikiona kwa macho. Msafiri akisharudi kutoka sokoni huwa na uchovu, mizigo na hamu ya kufika, na mambo hayo matatu humfanya akubali boti ambayo asubuhi angeikataa.

Basi weka masharti yako mapema, kabla uchovu haujakuwekea yake. Boti isiyo na jaketi okozi kwa kila abiria, mtoto kwa mkubwa, usipande. Jaketi livaliwe, lisikaliwe kama mto. Maji yakikaribia ukingo wa boti kwa sababu ya mizigo, shuka ungoje nyingine, hata kama nahodha ni shemeji yako. Kabla ya kuondoka sikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni, na umwachie mtu wa kamati ya ufuo jina lako na la boti utakayorudi nayo. Ukichelewa, awepo mtu atakayejua kwamba umechelewa.

CHAGUA JAMBO MOJA

Sasa turudi mjini. Hilo jambo moja kubwa utalichaguaje? Jiulize: je, kweli haliwezekani karibu zaidi? Watu wengi huvuka maji na kupita miji mitatu kufuata Kisumu kitu kilichoko Mbita au Homa Bay. Homa Bay kuna hospitali ya rufaa ya kaunti. Vituo vya Huduma, ambavyo serikali ilianza kuvifungua mwaka 2013, sasa viko katika kila kaunti, Homa Bay na Migori zikiwemo. Kijana anayeomba kitambulisho cha kwanza aanze kwa chifu wake na msajili wa kwao. Akikimbilia jiji, huenda akaambiwa arudi huko huko.

Ikiwa jambo lenyewe ni la Kisumu tu, kwa mfano daktari bingwa, basi liandae ukiwa nyumbani. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji hadi leo huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi miaka ya 1960, huhudumia wagonjwa wa kaunti nyingi. Katika hospitali za namna hiyo kliniki za mabingwa huwa na siku zake. Anayekwenda kuonyesha macho siku ya mifupa hajakosa bahati, amekosa kuuliza. Mwombe mhudumu wa zahanati yako akuulizie siku hiyo kwa simu. Chukua barua ya rufaa, kijitabu cha kliniki cha mtoto, kitambulisho, namba yako ya bima ya afya ya SHA, na dawa zote anazotumia mgonjwa zikiwa ndani ya pakiti zake. Daktari hawezi kutibu kwa kuambiwa ni vile vidonge vyeupe vidogo.

Jambo kubwa litangulie mengine yote. Ofisi nyingi hufunga kati ya saa saba na saa nane kwa chakula cha mchana, na huo ndio wakati wako wa kuondoka. Ukianza na soko, soko litakula ofisi.

Chagua pia siku. Soko la Kibuye hufurika Jumapili, na kwa nguo za mitumba na vyombo vya nyumbani hakuna siku inayolishinda. Lakini Jumapili ofisi zimefungwa na maduka mengi ya jumla yametiwa kufuli. Mwenye shida ya ofisi aende katikati ya wiki, naye mwenye haja ya mitumba aende Jumapili. Anayetaka vyote viwili kwa siku moja atakosa kimoja.

MFUKO NA MZIGO

Kuhusu pesa, naomba akina baba na akina mama wakae pamoja usiku wa kuamkia safari, waandike kwenye karatasi. Si kwa kuwa hawaaminiani. Karatasi humlinda aliyetumwa. Aliyeko nyumbani akijua kwamba zilizopangwa ni sare, dawa na kipuri, hatauliza jioni mbona hakuletewa redio.

Gawa pesa mafungu matatu. La kwanza ni nauli ya kurudi na malazi ya Mbita. Fungu hilo ni amana, haliguswi hata ukutane na kitenge kizuri namna gani. La pili ni la jambo kubwa. La tatu ni la mengineyo, na likiisha, mengineyo yameisha. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 hakuna haja ya kutembea na bunda la noti kifuani. Weka nyingi katika simu, toa kidogo kidogo, na namba yako ya siri usimtajie mtu hata kama anajifanya mwema wa kukusaidia. Simu iwe na moto wa kutosha, maana ikizima, mfuko wako nao umezimika.

Kipuri cha injini usikinunue kwa kukieleza kwa mdomo. Beba kile kilichoharibika, kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, na jina na namba ya injini viandikwe. Nyavu ukizinunua, dai risiti, na uzikatae zile za manailoni ya uzi mmoja ambazo sheria ya uvuvi imezipiga marufuku. Bei yake nafuu itakuja kukugharimu ufuoni.

Bidhaa nzito ziwe za mwisho. Lipia, uziache dukani zikiwa na jina lako, uzipitie ukielekea kwenye gari. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017, kwa hiyo toka nyumbani na gunia au kikapu chako. Kwa vitu visivyotaka maji, kama vitabu, sukari na vyeti, hakuna kinachoshinda ndoo yenye mfuniko. Ndoo hiyo utaikalia kwenye foleni, utaibeba kwenye boti, na nyumbani utateka nayo maji.

MTOTO ALIYEKULIA MAJINI

Ukimchukua mtoto, kuna jambo moja ambalo mtu wa bara hawezi kulifikiria. Mtoto wa Remba anaweza kujua kuogelea na kuitambua boti kwa mlio wa injini ikiwa mbali, lakini hajawahi kuvuka barabara. Kisiwani hakuna magari. Kisumu atakuta matatu, tuktuk na bodaboda zikitokea kila upande, nyingine bila kufuata upande wake. Mfundishe nyumbani, kwa mchezo: tunasimama, tunatazama kulia, kushoto, kulia tena, ndipo tunavuka tumeshikana mikono. Mwandikie namba yako ya simu kwenye kipande cha karatasi ukikiweke mfukoni mwake.

Na kama jambo kubwa limekamilika mapema, mpe mtoto huyo kitu cha kwenda kusimulia. Usimvute madukani tu. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana nyoka, yana samaki wa ziwa hili ndani ya vioo, na yana boma zima la Kijaluo la zamani liitwalo Ber-gi-dala, ambamo ataona nyumba za wake na mahali pa kila mwana. Au mpeleke kwenye hifadhi ya swala ya Kisumu, iliyotengwa mwaka 1992, kwenye njia ya kwenda Dunga. Chagua kimoja. Vyote viwili ni kukimbizana, na mtoto aliyekimbizwa hukumbuka kukimbia tu.

Chakula pia kina hekima yake. Mtu wa Remba kukaa hotelini Kisumu akalipia ngege aliyempita njiani ni kichekesho. Kula maharagwe na chapati, kula mboga, kula vile ambavyo kisiwani ni adimu. Tena usile sana kabla ya safari ya maji.

Mwisho, usiogope mji. Wako wanaojikunyata kwenye madirisha ya ofisi kwa kuwa wanahisi wananuka samaki, wakapitwa kwenye foleni na wasiseme neno. Kisumu ilianza kama mwisho wa reli mwaka 1901, ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2001, na kwa miaka yote hiyo imekula jasho la wavuvi. Huingii pale kuomba. Simama wima, sema shida yako kwa sentensi moja, uliza jina la aliyekuhudumia, na usiondoke dirishani kabla hujaelewa ulichoambiwa. Ikibidi urudi siku nyingine, akuandikie siku hiyo na karatasi zinazohitajika. Hicho kipande cha karatasi ni nauli nzima uliyoiokoa.

Ikifika saa nane mchana na bado hujanunua kila kitu, acha. Sufuria itakungoja, duka litakuwapo hata mwezi ujao. Panda gari. Na ukishafika Mbita, kabla ya kuvua viatu, piga simu Remba useme: tumefika, tunalala hapa, tutavuka kesho kukipambazuka. Kwa mke au mume anayelitazama ziwa likiingia giza, hakuna zawadi kutoka Kisumu inayozidi hiyo.

Jumapili njema, na Mungu akipenda tukutane wiki ijayo.